Jina Lako Chini ya Maoni: Waraka kwa Wahasibu Wenzangu

Ndugu wanachama wa tawi letu: mlio katika kampuni za ukaguzi, mlio halmashauri na wizarani, mnaoshika hesabu za viwanda, shule na hospitali, na ninyi mnaofanya kazi mbali na nyumbani, Nairobi, Kigali na Muscat.



Ninawaandikia kuhusu maoni tunayoyaacha chini ya maandiko ya wenzetu kwenye LinkedIn. Wapo watakaouliza kama jambo hili linastahili waraka, ilhali kuna ada ambazo hazijalipwa na semina ya mwaka haijapata ukumbi. Nimelipima, na jibu langu ni kwamba linastahili. Mtandao huo ulifunguliwa kwa umma Mei 2003. Microsoft waliununua mwaka 2016 kwa zaidi ya dola bilioni 26 za Kimarekani, na tangu Novemba 2023 wenyewe wanahesabu wanachama zaidi ya bilioni moja. Mwajiri anatutazama huko kabla hajatuita kwenye usaili. Mteja anatutazama huko kabla hajatuomba tumkague. Na mwanafunzi wa IFM, TIA au Mzumbe anatusoma huko miaka miwili mitatu kabla hajakutana na yeyote kati yetu ana kwa ana. Anajifunza namna wahasibu wanavyozungumza wao kwa wao, na kwa sasa tunamfundisha vibaya.

Fungueni andiko lolote la mwenzetu lililopata maoni mengi. Someni maoni peke yake bila kulisoma andiko, halafu jaribuni kukisia liliandikwa kuhusu nini. Mara nyingi hamtaweza. "Hongera sana mkuu." "Umetisha." "Nakazia." "Andiko lenye mashiko, endelea kutuelimisha." Maneno hayo yangeweza kukaa chini ya andiko la kodi, la semina, la aliyepandishwa cheo au la aliyestaafu, na hakuna ambaye angeona tofauti. Siku hizi imeongezeka aina nyingine: maoni marefu, yaliyonyooka, yasiyo na kosa hata moja la herufi, na yasiyosema kitu. Hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Kwa yale mafupi sina ugomvi mkubwa. Hongera ni neno kamili, na pole pia. Mtu akifaulu mtihani wa mwisho wa CPA baada ya kuurudia, "Hongera dada, nilijua safari hii utatoboa" kutoka kwa mtu aliyekesha naye akisoma itamkaa moyoni kwa muda mrefu, wala haihitaji kurefushwa. Ninachoomba ni kwamba neno hilo litoke kwako. Simu inapokuletea pongezi iliyokwisha kuandikwa, ukaigusa tu kwa kidole, mwenzako anapokea maneno yale yale kutoka kwa watu wengine wengi, herufi kwa herufi, na anajua vizuri kabisa yalikotoka. Andika jina lake. Mwite unavyomwita mkikutana. Kama ni mtu uliyemwamkia shikamoo tangu ulipoanza kazi, usimgeuze kuwa "Bw." kwa sababu tu mko mbele za watu. Na kama hamjuani, "ndugu" inatosha. Hana haja ya kuitwa bosi na mtu asiyemfahamu.

Sasa nije kwa yale marefu. Tuseme mwanachama wetu kijana ameandika kwamba amemaliza kuhesabu bidhaa kwenye ghala la dawa Mwanza, na kwamba amekuta katoni zilizopita muda wa matumizi bado zimo vitabuni kwa bei ya kununulia. Jibu la aina ninayoisema litakuja hivi: "Andiko lenye maarifa makubwa! Hakika, uhakiki wa mali ni nguzo muhimu ya uwazi, uwajibikaji na ufanisi katika mazingira ya biashara yanayobadilika kwa kasi. Asante kwa kutukumbusha umuhimu wa jambo hili. Je, wengine mnakabilianaje na changamoto hii?"

Lisomeni tena. Hamna dawa ndani yake. Hamna ghala wala katoni, na aliyeandika hajulikani kama amewahi kusimama ghalani na karatasi ya kuhesabia mkononi. Kuna uwazi, uwajibikaji na ufanisi, vimepangwa vitatu kwa sababu vitatu husikika vizuri. Kuna "mazingira yanayobadilika kwa kasi", ambayo yangeweza kuwa ya benki, ya shamba la mkonge au ya duka la simu. Na swali la mwisho limeulizwa kwa umati, na mtu aliyeuliza hatarudi kusoma majibu. Kijana wetu akilisoma atashukuru kwa adabu, lakini hatakuwa amepata hata tone la msaada kuhusu zile katoni.

Mnajua linakotoka. ChatGPT ilifunguliwa kwa watu wote tarehe 30 Novemba 2022, na baada ya hapo zikaja programu ndogo za kubandika kwenye kivinjari ambazo humwandikia mtu maoni kwa kubofya mara moja. Programu hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, nazo huunga maneno kwa kufuata yanayoelekea zaidi kufuatana. Usipozipa jambo la kwako, hukurudishia la kila mtu. Hazijui kwamba ulikagua duka la dawa Kahama, hazijui kwamba huyo kijana ulimfundisha kazi, hazijui kwamba hukubaliani naye. Zinachokijua ni andiko lake, basi zinalichukua, zinalisema upya kwa maneno makubwa zaidi na kumrudishia mwenyewe. Kwa hiyo ukiona maoni yanayomweleza mwandishi kile alichokwisha kukiandika, jua hapo hakuna mtu. Niseme pia kwamba masharti ya LinkedIn yenyewe yanakataza kutumia programu za kujiendesha zisizoruhusiwa kuandika maoni, kulaiki au kusambaza maandiko. Aliyejiunga aliyakubali, hata kama hakuyasoma.

Lakini sheria ya mtandao wa watu wengine si sababu yangu kuu. Sababu yangu ni sisi wenyewe. Kazi yetu imesimama juu ya saini. Hakuna hata mmoja wetu anayeidhinisha hati ya malipo isiyo na viambatisho, na mkaguzi anayetia saini ripoti ambayo hakuifanyia kazi anaweza kupoteza leseni. Watu wanatulipa kwa sababu wanaamini kwamba jina letu likionekana chini ya karatasi, kuna mtu aliyeiangalia karatasi hiyo. Sasa jina hilo hilo, pamoja na CPA mbele yake, tunaliweka chini ya maneno ambayo hatukuyaandika, kuhusu andiko ambalo hatukulisoma, kumsifu mtu ambaye hatukumfikiria hata dakika moja.

Kanuni za kimataifa za maadili ya wahasibu, zinazotolewa na IESBA, zina misingi mitano: uadilifu, kutopendelea, umahiri na uangalifu unaostahili, utunzaji wa siri, na mwenendo wa kitaaluma. Chini ya uadilifu imeandikwa kwamba mhasibu asijihusishe kwa kujua na ripoti, ritani, mawasiliano au taarifa nyingine anayoamini ina maelezo ya uongo au ya kupotosha yenye uzito, au yaliyotolewa bila kujali. Sidai kwamba "umetisha" moja itamfikisha mtu mbele ya kamati ya nidhamu. Nasema kwamba tabia ya kutia jina bila kuangalia haina milango miwili. Anayeizoea kwenye simu jioni ataamka nayo asubuhi akienda kazini.

Kuna mahali ambapo jambo hili linaumiza hasa, nalo ni kwenye msiba. Siku hizi tanzia za wenzetu tunazisoma huko huko LinkedIn. Februari 2023, baada ya wanafunzi watatu kuuawa kwa risasi katika chuo kikuu cha Michigan State, ofisi moja ya chuo kikuu cha Vanderbilt, kule Tennessee, iliwatumia wanafunzi wake barua pepe ya kuwafariji. Chini kabisa iliandikwa kwamba maneno yametokana na ChatGPT. Wanafunzi waliumia, na ofisi ikaomba radhi.  Kilichowaumiza ni kujua kwamba wakati wa kifo hakupatikana mtu wa kukaa akatafuta la kuwaambia. Sisi tunatoka kwenye jamii ambayo mtu husafiri usiku kucha kwenye basi ili afike tu, ashike mkono wa mfiwa na kukaa naye kimya kwenye mkeka. Mtu akifiwa, mwandikieni "Pole sana kaka, mzee wako nilimkuta siku ya mahafali yako, alikuwa amejaa furaha." Kama hamkumjua marehemu, andikeni "Pole sana, tuko pamoja nawe," mkaishie hapo. Ombi langu hapa ni la mkazo kabisa: rambirambi isiandikwe na chombo chochote, hata iwe fupi namna gani.

Turudi kwenye lile ghala la Mwanza, maana nataka muone jinsi maoni ya mtu yanavyokuwa. Mhasibu aliyewahi kushika hesabu za dawa akisoma andiko lile, kuna kitu kitamsimamisha mara moja. Kiwango cha IAS 2 kinataka bidhaa zionyeshwe kwa gharama yake au kwa kiasi kitakachopatikana zikiuzwa baada ya kuondoa gharama za kuuzia, kile kilicho kidogo. Dawa iliyopita muda haiuziki, kwa hiyo thamani yake vitabuni imekwisha. Lakini kuiteketeza ni lazima kufanyike chini ya usimamizi wa TMDA, mamlaka ya dawa, na wafanyabiashara wengi huiacha vitabuni wakisubiri karatasi hiyo. Basi mtu huyo ataandika: "Kaka, hizo katoni mlizishusha thamani hapo hapo au mteja alitaka kusubiri kibali cha kuteketeza? Mimi kwenye duka la jumla nililokagua walitaka kusubiri, tukawaambia hasara ni ya mwaka huu, karatasi itafuata."

Ni sentensi mbili tu. Hazina sifa hata moja, na bado ndiyo heshima kubwa kuliko zote anayoweza kupewa yule kijana, kwa sababu zinamwonyesha kwamba kuna mtu mzima wa kazi hii aliyesoma mpaka mwisho na akaingia ghalani pamoja naye. Sasa anaweza kujibu. Anaweza kueleza kwamba mteja alikataa, na kwamba ameliweka kwenye barua kwa menejimenti. Mwingine aliye Dodoma ataingia na kuuliza kuhusu kodi: je, hasara hiyo itakubaliwa bila ushahidi wa kuteketeza? Mwanafunzi anayesoma yote haya amepata darasa ambalo halimo kwenye kitabu cha mtihani. Angalieni pia kwamba yule aliyeuliza kuhusu katoni hakutaja jina la duka alilokagua. Hilo nitalirudia baadaye kidogo.

Mkiniuliza njia, sina nyingi. Someni andiko hadi mwisho, hata kama ni refu, na muangalie mlipokwama: pale mlipoguna, au mlipokumbuka kazi fulani, au mlipojiambia "hapa sikubali." Hapo ndipo maoni yenu yalipo. Yaandikeni kuhusu mahali hapo tu, mkiacha mengine yote. Semeni mlilionea wapi: kiwandani, shuleni, kwenye SACCOS, kwenye mradi wa maji. Kama mna swali, liwe lile ambalo kweli mnataka jibu lake, nanyi mrudi kulisoma. Kabla ya kutuma, yasomeni kwa sauti ya kawaida, na mjiulize kama mngeweza kumwambia mtu huyo maneno hayo mkiwa mmekaa naye chakula cha mchana. Kama mngeona haya, yafuteni.

Wapo kati yenu walioniambia kwamba wanategemea programu kwa sababu ya Kiingereza. Nawaelewa, na naliheshimu hilo. Mmesoma mitihani yenu kwa Kiingereza, lakini kuandika mbele ya watu elfu, wakiwemo mabosi na wageni, ni jambo jingine. Sikatai mtu aandike mawazo yake mwenyewe kisha aiombe programu imrekebishie herufi. Ninalolikataa ni kuiomba iwaze. Na kuna njia nyingine ambayo tumeisahau kwa kuionea haya bila sababu: andikeni Kiswahili. Aliyeandika andiko ni Mtanzania au Mkenya, anayelisoma ni mwenzetu, na mazungumzo ya kweli ya kazi, yale ya korido na ya simu, tunayafanya kwa Kiswahili kila siku. Tunasuluhisha hesabu za benki kwa Kiswahili. Tunabishana na watu wa kodi kwa Kiswahili. Kwa nini tukifika LinkedIn tujifanye watu wengine? Pale ambapo wageni wamo kwenye mazungumzo, Kiingereza chepesi cha sentensi fupi kinatosha, na kosa dogo ndani yake halimshushi mtu. Mimi binafsi nikikutana na maoni yenye kosa la herufi na wazo ndani yake, naushukuru mkono ulioyaandika.

Lakini Kiswahili hicho kiwe cha kusemeka. Kuna Kiswahili cha barua ya ofisi, cha "napenda kuchukua fursa hii adhimu", ambacho kina mahali pake kwenye ufunguzi wa mkutano mkuu. Chini ya andiko la rafiki yako kinamfanya ahisi amepokea taarifa kutoka makao makuu.

Kutokubaliana nako kuna adabu yake, na hapo nataka nikae kidogo, kwa sababu naona tunaogopa. Tunasifu hata pasipostahili, kisha tunakwenda kusema ukweli kwenye kundi la WhatsApp ambalo mwandishi hayumo. Mila yetu ya maandishi haikuwa hivyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, aliandika mashairi mengi ya kuwajibu washairi wa upande wa pili katika mivutano ya Mombasa, Lamu na Unguja. Pemba kulikuwa na washairi Kamange na Sarahani wakijibizana. Katika malumbano hayo, jibu mara nyingi lilifuata mizani na vina vya shairi linalojibiwa. Fikirini maana yake: huwezi kufuata vina vya mtu ambaye hukumsoma. Hata aliyekuja kumvunja mwenzake ilibidi kwanza akae na maneno yake, mstari kwa mstari, mpaka ayajue. Tulirithi ustadi mkubwa wa kujibu, na hatuna sababu ya kuuacha tukifika kwenye mambo ya mizania.

Chukueni mfano wa ripoti ya CAG. Hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, mwezi Aprili ikafika bungeni, na wiki hiyo kurasa zetu zinajaa picha za aya zilizokatwa. Mwananchi anaandika kwa uchungu: iweje halmashauri fulani ipate hati safi ilhali ripoti hiyo hiyo inaonyesha fedha zilizotumika bila nyaraka? Nimesoma majibu ya wahasibu chini ya maswali kama hayo. "Inasikitisha." "Nchi yetu hii." "Tafakuri jadidi." Jamani, huyo ameuliza swali ambalo sisi ndio tuliosomea jibu lake! Hati inayoridhisha, ndiyo hiyo hati safi, ni maoni ya mkaguzi kwamba taarifa za fedha, kwa mambo yote yenye uzito, zinaonyesha hali halisi kwa kufuata viwango. Haikusudiwi kuwa cheti kwamba hakuna shilingi iliyopotea. Halmashauri inaweza kuonyesha hasara yake vitabuni kwa usahihi na ikapata hati hiyo, huku hasara yenyewe ikibaki kuwa hoja ya kujibiwa. Mkimweleza mwananchi hivyo, kwa upole na kwa mfano, mmemfanyia yeye na nchi kazi. Na mkiona mhasibu mwenzenu anapotosha jambo hilo ili apate laiki, mrekebisheni hapo hapo, hadharani, kwa sababu waliopotoshwa wako hadharani.

Kurekebisha kwenyewe kusilenge mtu. Tuseme mwenzetu ameandika kwamba tangu tarehe 1 Januari 2019 kila biashara lazima iingize mikataba yake ya pango kwenye mizania. Tarehe ni sahihi, ndiyo siku IFRS 16 ilipoanza kutumika, lakini "kila biashara" si sahihi, kwa kuwa zinazotumia IFRS ya biashara ndogo na za kati hazimo kwenye matakwa hayo. Mwandikieni: "Dada, hapo kwenye kila biashara naomba tuongeze neno. Mwenye duka la vipuri anayetumia IFRS ya biashara ndogo bado anaonyesha pango kama gharama ya mwaka." Hapo umemsahihisha bila kumdhalilisha. Ikiwa kosa ni la mtu mwenyewe, labda amejisifia cheo asichokuwa nacho au amemtaja aliyekuwa mwajiri wake kwa hasira, hilo si la hadharani. Mpigieni simu, au mwandikieni pembeni.

Nilisema nitarudi kwenye siri. Kadiri maoni yanavyokuwa ya kweli ndivyo hatari ya kumfichua mteja inavyokuwa karibu. "Kiwanda cha soda nilichokagua mwaka jana" katika mji wenye kiwanda kimoja cha soda ni sawa na kutaja jina. Badilisheni mji, ondoeni mwaka, semeni "kiwanda cha vinywaji", na kama bado watu wanaweza kukitambua, acheni mfano huo mchukue mwingine. Msingi wa siri hauishi mkataba ukiisha.

Kuhusu vile vikundi vya kupeana maoni, ambamo mtu anatupa kiungo cha andiko lake na wote mnatakiwa mkalaiki na kuandika jambo ndani ya saa moja, nawaomba mtoke. Najua vilianza kwa nia njema ya kubebana. Lakini matokeo yake ni kwamba watu wale wale wanasifiana kila wiki, na kijana asiye na kikundi anaandika jambo la maana likapita bila hata mmoja kuliona. Machi 2023 LinkedIn wenyewe walianzisha makala zilizoandikwa na akili mnemba, wakawaalika wataalamu waongeze maoni yao, na waliochangia sana wakapewa beji ya dhahabu. Watu wengi walimwaga maneno kufuata beji. Oktoba 2024 beji hizo ziliondolewa. Waliokuwa wameandika la maana walibaki na la maana lao, na waliokuwa wameandika kwa ajili ya rangi ile hawakubaki na chochote.

Wala hamlazimiki kusema kila mara. Kuna andiko mtakalolisoma likawagusa nanyi hamna la kuongeza. Lipitieni. Au mwandikieni mwandishi ujumbe wake peke yake: "Nimesoma, nimejifunza pale uliposema juu ya hesabu za mwisho wa mwaka." Wengi wetu tunakumbuka maneno ya aina hiyo kwa miaka mingi kuliko mamia ya laiki.

Kamati ya tawi imekubaliana mambo yafuatayo, nami nawaomba mshirikiane nayo. Rasimu za pongezi ambazo tumekuwa tukizisambaza kwenye kundi letu la WhatsApp kila matokeo ya mitihani ya NBAA yanapotoka, ile ya Mei na ile ya Novemba, zimefutwa na hazitatolewa tena. Badala yake tutatoa orodha ya waliofaulu na vituo vyao vya kazi, kwa ridhaa yao, na kila mwanachama atachagua anaowafahamu awaandikie mwenyewe. Wakongwe wenye zaidi ya miaka kumi kazini wanaombwa kila mwezi watafute angalau andiko moja la mwanachama mchanga na kulijibu kama tulivyoeleza hapa, kwa swali au kwa mfano wa kazini. Anayetaka mtu wa kumsomea maoni yake kabla hajayatuma, hasa penye hofu ya siri ya mteja, awasiliane na ofisi ya katibu siku yoyote ya kazi. Na kwa waliofaulu Mei ambao hawakupata neno la mtu yeyote zaidi ya ile rasimu, majina yenu ninayo, na nimeanza kuwaandikia mmoja mmoja.

Wenu katika taaluma,

Katibu wa Tawi